Maelezo Pembeni mwa Mchoro Namba Saba

Mhandisi, ulisema nichore uwanja tu.
Nimechora. Mita mia na tano kwa sitini na nane,
vibendera vinne, duara la kati,
kila kitu kimetulia kama sahani kabatini.
Ila karatasi ni pana kuliko uwanja,
na kalamu yangu, unaijua, haipendi weupe.

Pale ulipoandika "eneo wazi"
nilikwenda Jumanne na tepu ya mita hamsini.
Si wazi.
Yupo Mbuke Masalu anakaanga sato,
karai limekaa juu ya mawe matatu
ambayo hakuna aliyeyaweka, yalikuwepo.
Ipo zahanati ya wazazi yenye mlango mmoja,
nao unatazamana na geti lako la pili.
Watu elfu kumi na mbili wakitoka kwa mkupuo,
timu imefungwa, mavuvuzela yanalia,
mwenye uchungu apite wapi?
Geti nimelisogeza. Usilirudishe.

Paa nalo.
Hesabu nilipiga usiku, umeme ukakatika,
nikamalizia kwa tochi ya simu.
Mita za mraba elfu tisa za bati,
mvua moja ya Aprili, ile ya kushuka bila salamu,
ni lita laki tatu na sitini elfu.
Kwenye mchoro wako pana mshale mdogo wa buluu
unateremka, halafu karatasi inaisha.
Karatasi inapoishia
ndipo kilipo kitanda cha Kabula.
Mwaka juzi maji yaliondoka na mlango wake;
tuliukuta asubuhi unaelea ziwani,
jogoo wa jirani amesimama juu yake kama nahodha.
Tulicheka. Kabula hakucheka.
Nimeweka matangi manne, na bomba la kuchotea
upande wa nje wa ukuta.
Nimesema nje.

Taa: nguzo nne, mita arobaini kila moja.
Umewahi kulala Igogo
siku wadudu wa ziwani wanapopanda
kama moshi wenye mbawa?
Watazifuata taa zako. Goli litafungwa
na hakuna atakayeliona,
na kesho yake watu watafagia ndoo kwa ndoo.
Katika vifaa vyangu sina alama ya mdudu,
nimetia nukta.
Zile nukta si wino uliomwagika.

Sasa ukuta. Mita nne, ulisema,
ili kamera zisione mabati yenye kutu.
Kuna jiwe, Mhandisi.
Umeliandikia baruti, mabasi ya wageni yapate pa kugeuzia.
Nilipanda juu yake siku ya mechi.
Limeng'aa kwa kukaliwa,
kila mtu ana kishimo chake.
Watoto mbele, wabishi nyuma kabisa,
kwenye ufa wameachia njia ya kushukia
na hakuna anayeketi hapo, hata fainali.
Muuza karanga anapita bila kumkanyaga mtu.
Nani aliwachorea?
Mimi nilisoma miaka mitano
na ngazi zangu za jukwaa kuu bado zinagongana.

Nikuambie na hili, ingawa halihusiani na kazi:
jiwe hilo nililijua kabla ya rula.
Nilikuwa na miaka tisa, sina kiingilio,
nikasimama goli lilipokaribia,
na msichana mmoja, Nyanzobe, akanivuta sketi.
"Kaa. Umeniziba."
Chuoni walinifundisha mengi kuhusu kuona.
Hawakuniongezea kitu juu ya hilo.

Basi jiwe nimelichora kwa wino usiofutika,
na nimelipa jina kama majukwaa mengine:
Jukwaa la Mashariki.
Kwenye safu ya gharama nimeweka sifuri.
Kwenye safu ya tarehe ya kukamilika
nimekosa la kuandika.

Doa la mafuta kwenye kona ya chini, samahani.
Sato alikuwa wa moto,
na Mbuke alitaka kuona nyumba yake iko wapi.