Daftari la Joto

Hylkje, miaka tisa: thelathini na tisa nukta nne.
Nimeandika kwa penseli,
wino umeganda kwa baridi ya Friesland.

Juzi aliketi kama mbwa.
Farasi haketi, nikamwambia Wobbe, farasi haketi hivi:
miguu ya nyuma imesahau ni ya nani,
mkojo unamchuruzika bila habari yake.
Jana, chumba cha nne, mimba ilitoka,
kitoto kimefungwa bado ndani ya utando,
kwato laini kama uyoga.

Wobbe anataka jina.
Anataka mtu, lori, lango lililoachwa wazi.
Anamtazama Zbyszek, kibarua aliyekuja Novemba,
naye Zbyszek anatazama viatu vyake.

Mimi sitafuti mtu. Natafuta njia.
Nimechora banda zima mgongoni mwa gunia la pumba:
vyumba ishirini na viwili, upepo, mfereji, ndoo.
Kila pua nimeipitisha kijiti cha pamba
na kuomba radhi kwa Kifrisia,
maana hawajui lugha nyingine.
Nimeuliza nani kaazima hatamu ya nani,
nani hunusana na nani juu ya ukuta.
Aliyenijibu ni mpira wa maji:
ncha yake huzamishwa ndoo hadi ndoo
kila alfajiri, kwa mkono wa Wobbe mwenyewe,
asiyemwamini mtu kunywesha wanyama wake.

Lakini ndoo ya kwanza?

Maabara wamepiga simu saa kumi.
Ni Beppe, ndiyo kusema bibi,
jike la miaka ishirini na sita,
hajavuka lango tangu tulipomzika baba yake Wobbe.
Kirusi kililala katika mshipa wake wa fahamu tangu udogoni,
kama deni ambalo mdai hana haraka nalo.
Fataki za mwaka mpya zikakiamsha,
usiku ule alioupigia mlango mateke hadi kukapambazuka.
Hakikuletwa. Kilikuwa mwenyeji.

"Tumuue?" Wobbe anauliza, sauti imemkauka.
Ukiua kila anayekibeba, namwambia,
utabaki na kuta.

Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, muda mrefu.
Kisha akanyanyuka, akaukata mpira kwa kisu cha kamba,
akampa Zbyszek kipimajoto
bila neno, bila kumtazama usoni.

Namba ya jioni si mwandiko wangu.
Hylkje: thelathini na nane nukta sita.
Na pembeni, kwa Kipolandi, neno
nililolazimika kuulizia:
*amesimama*.