Witiri na Shufwa

Sista Ajuaye alilileta saa mbili asubuhi,
gari jeupe, la mkono wa tatu, namba bado inang'aa,
linatetemeka kama mgonjwa wa malaria
kila likiondoka, hasa kwenye mwinuko.
"Wenzako wa stendi wanasema ni oili."
Kwa wenzangu wa stendi kila kitu ni oili.

Nikaishusha giaboksi juu ya gunia la korosho,
hapa Masasi, barabara ya Nachingwea,
majabali yakitutazama, hayana haraka.
Nikaifungua. Akainama, na sare zake nyeupe:
"Mbona klachi mbili?
Mimi miguuni sina hata pedali moja ya klachi."

Nikanawa mikono kwa petroli.

Sista, hizi ni giaboksi mbili zinazokaa nyumba moja.
Shafti hii nyembamba imebeba witiri:
moja, tatu, tano, saba.
Hii nene, yenye uwazi kama kikonyo cha jani la mpapai,
imebeba shufwa: mbili, nne, sita.
Nyembamba imepita ndani ya nene.
Kila moja na mwendo wake,
kila moja na klachi yake.

Sasa uko gia ya pili, unapanda kwenda Newala.
Tatu imeshachaguliwa. Imeshaingia.
Meno yameumana,
inazunguka gizani, haijabeba kitu,
inangoja klachi yake tu.
Kompyuta ikisema haya,
ile inalegeza,
hii inashika,
na hapo katikati kuna kitambo, kufumba na kufumbua,
zote mbili zimeshika kidogo.
Injini haikati pumzi.
Chai kwenye kikombe haijui.

"Na ikikisia vibaya?"
Inakisia, ndiyo. Imekuandalia tatu,
mbuzi akakatiza, ukakanyaga breki:
inaduwaa, inarudi kutafuta moja,
nawe unaona gari limekuwa zito wa kusikia.

Nikamuuliza na mimi: pale geti la hospitali,
kwenye mteremko, mlinzi akichelewa kufungua,
unalishika kwa breki au kwa mafuta?
Akatazama viatu vyake.
"Mafuta."
Nikamnusisha klachi ya witiri. Imeungua,
inanuka kama wali wa ukoko.

Akakaa juu ya tairi. Akasema:
"Sisi Ndanda, wodi ya njiti, ni saa moja kasoro robo.
Siachi mpira wa oksijeni
mpaka nione mkono wa Sista Likunama umeshika.
Ameshanawa, ameshavaa, ameshasoma faili,
na mimi bado nimeshika.
Dakika mbili hivi mtoto ana watu wawili.
Halafu mmoja."

Sikumjibu. Nilikuwa natafuta spana namba kumi,
na namba kumi ilikuwa mkononi.

Mimi nilijifunzia lori la misheni, klachi moja.
Kila ukibadilisha kuna punje ya muda
gari halina mwenyewe:
umetoka gia hii, hujaingia ile,
na mlima unaanza kukuvuta kwa nyuma.
Baba aliondoka mwezi wa kumi, korosho zinaiva.
Mjomba akafika kutoka Tandahimba mwezi wa kwanza,
baiskeli, daftari mbili, kalamu ya risasi.
Wote wawili walikuwa na nguvu, sisemi.
Lakini ile miezi mitatu, mama anachemsha ming'oko,
mimi nilikuwa fri,
katikati ya mlima,
wala breki sikujua iko wapi.

Klachi itakuja na basi la Dar, Alhamisi.
Nikamwandikia bei. Akaguna, akaisoma tena, akaguna.
Bodaboda ikasimama nje, zamu inamwita.
Akaninyooshea ufunguo
na hakuuachia
mpaka vidole vyangu vikaufunga.

Na oili nitabadilisha.
Wenzangu wa stendi wasije wakapata la kusema.