Grisi ya Mei

Theluji imekwisha, ila upande wa kaskazini wa ghala,
pale ilipojikunyata, chafu, kama mbwa aliyekemewa.
Hapa Wynyard, Mei ni mwezi wa matope na jeki.
Natia kabari nyuma ya tairi,
nalegeza nati gurudumu lingali chini
(gurudumu lililo hewani, alisema Eggert, halibishani nawe,
linazunguka tu)
kisha napiga jeki, pumzi kwa pumzi,
mpaka trela inyanyue mguu
kama ng'ombe aliyekubali kukatwa kwato.

Lorne, mtoto wa kaka yangu, alipita na kahawa.
"Shangazi, gereji ya Foam Lake wataimaliza kwa saa moja."
Nikamwambia saa hiyo hiyo ndiyo ninayoitaka,
wasinichukulie.

Kifuniko kinatoka kwa kugongwagongwa.
Ndani, grisi ya mwaka juzi. Ilikuwa nyekundu,
sasa ina rangi ya chai iliyosahauliwa mekoni.
Naifikicha kwa gumba na shahada.
Haina mchanga. Haina maji. Haina chembe inayong'aa.
Dawson Creek kwenda na kurudi, na haina lawama.
Mwaka jana trela haikutoka.
Mwaka jana hapa hakikutoka kitu.

Ndipo naiona pini.
Mimi huukunja mguu wake kulia.
Huu umelala kushoto,
mkunjo wa mashoto,
mtu aliyekata mkate kinyume, akafunga lango kinyume,
akatembea upande wangu usio wake
mpaka ukawa wake.

Pini haitumiki mara mbili.
Kanuni hiyo ni yake mwenyewe, kila Mei, miaka thelathini na minne:
chuma kilichokunjwa kikanyooshwa
hukatikia barabarani, usiku, mbali na watu.
Nainyoosha kwa koleo. Inagoma.
Nainyoosha tena.

Beringi naiosha kwa mafuta ya taa, rola moja moja,
naitazama juani: hakuna alama ya kuungua.
Grisi mpya kiganjani, naikandamiza kwa ukingo wa beringi
mpaka ichomoze upande wa pili.
Sili mpya. Ngoma ya breki mahali pake.
Nakaza nati huku naizungusha ngoma,
kisha nairudisha nyuma kidogo.
Kidogo kiasi gani? Niliwahi kumuuliza.
Akanishika kifundo, akakisogeza, asiseme neno.
Ukikaza mno, itaungua. Ukilegeza mno, itakuacha njiani.

Pini mpya naikunja kulia.
Ya zamani iko mfukoni, inanichoma pajani nikiinama.

Bado magurudumu matatu.
Bado pini tatu zilizolala kushoto.
Kahawa ya Lorne imeshapoa juu ya bampa.
Nainywa hivyo hivyo, taratibu,
spana iko mkononi.