Utepe wa Kupimia Gari

Aprili, barabara ya Uru haina mwenyewe.
Mvua ikishuka kutoka msituni
udongo unageuka sabuni,
na ng'ombe hawachagui usiku wa kuzaa.

Mimi ndiye daktari wao. Simu huita saa nane:
"Mama Ndesha, ndama katanguliza mgongo."
Natupa garini kamba, glavu, kipande cha sabuni,
na mlima namwachia gari,
kwani aliyeniuzia alisema:
"Hii otomatiki, mama. Yenyewe inajua."

Yenyewe inajua.
Miaka miwili niliishi na neno hilo
kama mpangaji nisiyemjua jina.

Kisha likaanza kunuka.
Harufu ya maharage yaliyoungua
katika nyumba ya watu wawili,
kila mmoja akidhani mwenzake anayatazama.
Pale mzunguko wa Mnara wa Saa
nyuma ilinguruma, ikavutana na mbele
mithili ya mbuzi wawili kwenye kamba moja.

Fundi Elinami wa Pasua hakugusa boneti.
Alichuchumaa, akachomoa mfukoni
utepe wa cherehani wa mkewe,
akauzungusha tairi la nyuma.
Haukutosha. Akaunga kwa kidole gumba.
Akaandika kwa chaki mlangoni mwangu: 220.
Akapima la mbele: 215.
Akanitazama ninavyomtazama mfugaji
aliyelisha pumba zenye ukungu.

"Haya mapya ya nyuma, lini?"
Januari. Mawili tu. Ada za shule, Fundi.
"Na ya mbele?"
Yalikuwa bado yanatembea.

Akatandika kadibodi, tukalala chini ya gari
wagonjwa wawili wodi moja.
"Ona shafti hii. Inapita tumboni hadi nyuma.
Inazunguka siku nzima, haisukumi kitu.
Pale mwisho, kabla ya difu, kuna kopo.
Ndani mna sahani nyembamba kwenye oili,
zimepangana kama chapati kwenye hotipoti, hazijabanana.
Kwenye lami, ya mbele yanavuta;
ya nyuma ni abiria.
Kila tairi lina sensa, inahesabu mizunguko.
Kompyuta haijui tope. Haijawahi kufika Uru.
Inachojua ni nani kazunguka kuliko nani.
Ya mbele yakizunguka bure, inatuma umeme,
sumaku inabana sahani,
kopo linashika, nyuma inaanza kusukuma.
Yakitulia, inaachia. Hata husikii."

Akagonga kopo kwa spana. Lilikuwa bado la moto.

"Sasa wewe umeipa miguu mifupi mbele.
Mguu mfupi hupiga hatua nyingi kwa njia ileile.
Kompyuta ikahesabu, ikasema: mbele anateleza.
Juani. Lami kavu. Tangu Januari.
Ikabana, ikabana.
Miezi minne inakuokoa na utelezi usiokuwepo."

Nilicheka, mgongo wangu kwenye kadibodi,
kisha nikamkumbuka mume wangu,
anavyonipigia kila nusu saa nikiwa mlimani,
na ninavyoiacha simu iite.

Oili ilitoka nyeusi, inanata.
Matairi mawili mengine niliyachukua kwa mkopo,
nembo ileile, saizi ileile;
Elinami akayapima moja moja, hakuamini hata karatasi ya dukani.

Mei, usiku, kona ya juu ya mto.
Mbele ikaserereka kuelekea migombani.
Nikahesabu: moja.
Mbili haikufika. Kitu kilinisukuma kiunoni,
taratibu, kama mtu anayekusogeza kwenye foleni
bila kukuambia neno.

Ndama alikuwa jike, mzima.
Simu ikaita. Nikapokea, mikono ina damu,
nikasema: nimefika, usilale na taa.

Yale makuukuu mawili nimemwachia mfugaji,
yanakandamiza turubai la zizi.
Namba za chaki bado zipo mlangoni.
Mvua imefuta moja.