Kinyozi Hajinyoi

Nilipoinunua ilikuwa zloti elfu mbili mia tisa.
Siku ya nne, nikingoja tramu saa kumi na moja alfajiri,
theluji ikitafuna buti zangu,
simu ikanionyesha pacha wake:
sura ileile, rangi ileile, kumbukumbu ileile,
duka jingine,
elfu mbili mia tatu na hamsini.

Mia tano na hamsini!
Hilo ni jino la mama yangu, lile la mbele,
pengo analolifunika kwa kiganja tangu Oktoba kila akicheka.

Sheria inanipa siku kumi na nne za kughairi
na haiulizi kwa nini.
Fomu ina kisanduku, "Sababu", na pembeni, "si lazima".
Nikakiacha kitupu.
Ingekuwa na ndoa zina fomu kama hiyo,
wangapi ngazini kwetu wangefika Krismasi?

Mimi, Bogumiła, kazi yangu ni marejesho.
Miaka sita ghalani, nje ya Łódź, meza ya kumi na tisa,
nafungua maboksi ya watu waliobadili nia.
Viatu vilivyocheza harusi moja, Jumatatu vimerudi.
Hema lenye mchanga.
Kigari cha mtoto, nailoni yake bado haijachanwa,
na hicho sikiulizi.
Nanusa, napapasa, napiga mhuri:
A, haijaguswa.
B, imeguswa kidogo.
C, imeishi na watu.

Kwa hiyo nilijua pa kufuta.
Nikafuta jina langu, nywila, picha mbili za paka,
barua niliyoanza kumwandikia Ludomir,
ambayo haikufika mbali: "Mpendwa", na mkato.
Nikapitisha kijiti cha sikio katikati ya herufi,
nikaifunika skrini kwa nailoni yake polepole,
kama amvalishaye mtoto asitake aamke.
Gundi, stika, risiti. Tarishi akaichukua.

Jumatano ikatua mezani kwangu.
Kati ya meza arobaini!
Niliitambua kwa utepe, ninavyoukunja mimi, pembe ndani.
Kinyozi hajinyoi, nilijua,
lakini mkanda hausimami, na Radosław anahesabu sekunde
akijifanya anahesabu maboksi.
Nikaifungua. Katika skrini nyeusi
alikuwamo mwanamke mwenye kofia ya wavu, amekodoa macho.
Nikaigeuza, nikaigonga mgongoni mara mbili
kama tunavyozigonga zote.
Ikadondoka mbegu moja ya popi,
ndogo kuliko nukta,
ya ile keki ya Jumapili, mama akinionya
nisilie juu ya mashine ya watu.
Ya watu, alisema. Nilikuwa bado sijasema nairudisha.

Hakuna aliyeona. Pumzi moja ingetosha.
Mali bila daftari huisha bila habari,
na pale mezani daftari nilikuwa mimi.

Nikapiga B.

Watanikata zloti mia na tisini.
Zinabaki mia tatu na sitini,
na daktari wa meno, nimempigia, anasema
jino haliwekwi nusu.
Basi mama atacheka kiganjani mpaka Machi.

Mbegu niliibana ndani ya glavu
hadi kengele ya chai.
Nikaila.