Nyekundu Ipi

Kibanzi kimeletwa ndani ya karatasi iliyokunjwa mara saba,
kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga.
Urve Tamberg anaziba pumzi:
chafya moja, na kesi nzima imepotelea sakafuni.

Kilibanduliwa kwenye baiskeli ya Leida, tarishi,
aliyekutwa mtaroni nje ya Võru, alfajiri ya Novemba,
barua zimemzunguka, zimelowa theluji,
gurudumu la mbele limebonyea kama kikapu kilichokaliwa.

Kijijini hawakungoja maabara.
Heino ana gari jekundu. Heino mlevi.
Heino aligombana na Leida kwa sababu ya mbwa.
Lisemwalo lipo; Waestonia nao wanalo lao,
la moshi na moto.
Dukani wakaacha kumpa chenji mkononi.
Waliiweka kaunta, wakageuka.

Urve ana swali moja tu: nyekundu ipi?

Anakikata kibanzi ubavu, anakilaza chini ya hadubini:
kijivu, nyeupe, nyekundu, na juu kabisa
utando wa vanishi, mwangavu kama ngozi ya kitunguu.
Cha gari la Heino: rangi ya kutu, nyekundu, nyekundu tena.
Mkono wa mwisho ulipakwa kwa brashi,
na unywele mmoja wa brashi hiyo
umelala humo tangu kiangazi ambacho hakuna anayekikumbuka.

Kwa macho, mapacha.
Anavimulika kwa mwanga ambao jicho halina habari nao,
na mashine inachora milima yake:
huku akriliki, kule alkidi iliyozeeka;
huku titani, kule chuma kilekile
kilichokuwa kikiwekundisha maji ya bomba kwa bibi yake.

Anaandika: *Havikutoka kwenye chanzo kimoja.*
Alitaka kuongeza *kamwe*. Akalifuta.
Neno hilo hana mizani ya kulipimia.

Mpelelezi anapiga simu. "Basi ni nani?"
"Sijui. Niliulizwa habari ya rangi."

Mahali fulani, gereji fulani,
kuna kijivu, nyeupe, nyekundu,
na kidonda kidogo kuliko ukucha.

Heino aliletewa nakala na tarishi mpya,
kijana asiyemtazama usoni.
Hakuelewa alkidi wala akriliki.
Akaibandika kwenye kioo cha gari, maandishi yakiangalia nje,
akaliegesha mbele ya duka
siku nne, mpaka theluji ikaufuta wino.