Alama ya Kukosa

Mashine hii ilikuwa ya kazi.
Miaka sita ilikaa Kaptembwo, kibandani,
mabati juu, turubai ubavuni,
shilingi ishirini mechi moja,
na mimi mlangoni na saa yangu na mkebe wa sarafu,
nikiwafukuza wenye sare za shule kabla ya saa kumi.
Si wote. Nakiri.

Vidole gumba vya watoto wa watu vimeilamba rimoti
hadi duara likafutika, mraba ukabaki pembe mbili,
na ndani ya nyufa mna mafuta ya mandazi ya mwaka ule
ambayo hata sindano haiyatoi.

Siku hizi inatuletea filamu.
Kiptanui wa nyumba ya pili alikuja Jumapili moja,
akachomeka waya, akaitafuta waifai, akauliza nywila.
Mwaka wa ndoa yetu, nikamwambia, nikautaja, nikaukosea.
Kemunto akausahihisha kutoka jikoni.
"Mzee," kijana akasema, "hii si ya mpira tu."
Kumbe nimekaa na sinema za dunia nzima
chini ya kitambaa cha vumbi.

Kemunto ndiye anayeshika rimoti.
Amefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja
na kidole chake bado hakijakubali:
kuchagua filamu unabonyeza eksi,
ile ile aliyowapigia watoto kwa wino mwekundu
walipoandika saba mara nane ni hamsini na nne.
"Hapa kukosa ndiko kukubali," husema kila usiku,
na kila usiku husita kidogo,
kama mtu anayesahihisha daftari la mwanawe.

Macho yangu yana ukungu; daktari ameniandikia Septemba.
Maandishi ya chini ya picha nayaona kama siafu wanaohama.
Basi yeye hunisomea.

Leo ni ya Kikorea. Mwanamume amerudi nyumbani na mvua,
amesimama mlangoni, viatu hajavua.
Nimeelewa kwamba kuna kitu amekiuza.
Nyumba? Ng'ombe, kama huko wana ng'ombe?
Anasema, anasema, anazidi kusema,
viganja vinafunguka na kufumba.

"Anasemaje?"
"Anamwambia mkewe pole."
"Maneno yote hayo?"
"Yote hayo."

Kikorea sikijui.
Lakini urefu wa pole naujua,
maana nimeubeba bila kuutua.
Ploti ya Njoro, futi hamsini kwa mia,
mkopo wa sako ya walimu, kwa jina lake,
ikageuka televisheni nne, mashine nne, viti vya plastiki;
halafu simu zikawatia watoto gemu mifukoni
na kibanda kikabaki na mimi na saa.
Tatu niliziuza. Hii ilinishinda.
Hakunifokea. Aliinama, akaendelea na madaftari.

Picha inakwama.
Mkorea amebaki mdomo wazi
na katikati ya kioo kiduara kinazunguka,
kile kilichofutika kwenye rimoti:
kumbe kilihamia huku.

"Bando limeisha?"
"Si bando. Ni mawingu ya Menengai."
Menengai humlaumu kwa kila kitu,
hata sukari ikiganda.

Friji linanguruma, linanyamaza.
Nje mtu anaburuta mtungi wa gesi kwenye kokoto.
Nafungua mdomo.
"Kemunto, ile ploti..."
"Ngoja," anasema, "inarudi."

Haijarudi. Asilimia ishirini. Ishirini na mbili.
Wala haangalii kioo.
Ananipa rimoti, mara ya kwanza tangu tuanze,
anakishika kidole changu, anakitembeza
juu ya vitufe visivyo na alama,
anakiweka pale penye eksi,
na hakibonyezi.